Siku Tuliyootesha Mishipa ya Damu Uwanja wa Mpira

Karibuni, kaeni. Shikamoo zenu nimezipokea, sasa fungeni hizo laptop kwanza maana mwanga wake unaniumiza macho. Na msiniulize tena swali la yule mwenzenu wa jana: "Mama, zamani mlikuwa mnatengenezaje modeli za seli bila intaneti?" Tulitengeneza kwa kichwa, kwa jenereta na kwa hasira. Hasira ndiyo iliyobaki, vingine nimestaafu navyo.

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kuigiza namna seli zinavyoitana mpaka mshipa wa damu unaota. Jambo lenyewe mnalijua, lakini mnalisema kwa Kiingereza kirefu mpaka linapotea, kwa hiyo nisikilizeni. Nyama ya mwili ikikosa hewa haikai kimya. Inatoa kemikali, na kemikali hiyo inasambaa, ikienda mbali inapungua. Hiyo ndiyo ishara. Seli za ukuta wa mshipa ulio jirani zina masikio ya kuipokea. Inayosikia zaidi inatangulia kuelekea kule kunakoitwa, na ikitangulia inawaambia wenzake wa pembeni: nyie kaeni, mnifuate nyuma. Bila hivyo wote wanatangulia, na badala ya mshipa unapata kichaka. Basi. Ukishaelewa hapo, kilichobaki ni hesabu na uvumilivu, na mimi hesabu nilifundisha shuleni Ulemo kabla sijaingia kwenye kazi hii. Uvumilivu sikufundisha, wala sina.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Nyie hamjui raha ile. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni wakaamka asubuhi wakakuta sokoni Singida kuna redio, kuna makoti ya manyoya ya mitumba, kuna viatu vya kutelezea kwenye barafu, na jua linawaka vilevile. Kila kitu ruksa. Daktari Mathayo, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kichwa kimejaa mishipa ya damu, akasema kama viatu vya barafu vimefika Singida, basi kompyuta itafika. Ikafika. Ilikuwa ya mtumba, ikaja juu ya lori la vitunguu hadi kwenye kitengo chetu kidogo pembeni ya hospitali moja, si mbali na Ihanja. Kila ikipata moto chumba kizima kilinuka vitunguu. Daktari alisema hiyo ni dalili nzuri, ukisikia harufu ujue inafikiri.

Umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa chini ya Mzee Ramadhani. Huyu mzee alifanya kazi ya kuongoza ishara za treni Manyoni mpaka alipopunguzwa, wakati ule watu wanapunguzwa kazi kila mahali kama majani ya mchicha. Alikuja kwetu na kofia yake ya reli na sauti ya kuita treni iliyo wilaya ya jirani. Kipanya cha kompyuta alikifunika kitambaa mchana ili kipumzike. Nilimwambia si mnyama yule, akasema sawa, lakini kitambaa hakukiondoa.

Nilimpenda sana mzee yule, niseme tu. Alinitoa kwenye kosa ambalo nyie bado mnalifanya, na nimeliona kwenye kazi ya mmoja wenu hapa, simtaji. Programu yangu ya kwanza, ya kuotesha mishipa kwenye mguu wenye kidonda, ilikuwa inapita seli moja moja: hii isikie, iondoke, ifuatayo isikie, iondoke. Basi mishipa yote ikawa inaegemea kushoto, kwa sababu mahesabu yalianzia kushoto. Nimekaa wiki nzima naitukana mashine. Mzee akaweka chai mezani, akatazama, akasema, "Mwalimu, hawa wa kushoto wanaondoka wenzao hawajasikiliza. Kwetu mngegonganisha treni." Nikabadilisha. Kwanza wote wasikilize, halafu wote waondoke pamoja. Mishipa ikanyooka. Mzee akaomba sukari iongezwe kwenye chai yake, nami nikamwekea. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa ana kisukari.

Makosa mengine niliyafanya bila msaada wa mtu. Niliwahi kupiga hatua kubwa mno za muda kwenye mahesabu nikitaka programu imalize mapema, nikapata mguu wenye hewa pungufu ya sifuri. Daktari Mathayo akatazama kioo cha kompyuta, akauliza, "Mwalimu, huyu mgonjwa anadaiwa hewa na hospitali?" Pigeni hatua ndogo, wanangu. Tena siku nyingine nilisahau kuweka mpaka kwenye kingo za picha. Mshipa ukaota vizuri, ukateremka mpaka kidoleni, ukatokeza nje, ukaingia tena kwa juu pajani. Watu wakapiga makofi.

Ndiyo, watu. Televisheni zilikuwa chache mno huku, na habari zikatembea kwamba pale hospitali kuna kioo kinachoonyesha kamba za kijani zikitembea zenyewe. Wakaanza kuja, wenye wagonjwa na wasio na wagonjwa. Mama mmoja akaweka beseni la karanga mlangoni. Nikamwuliza nani kakuruhusu kuuza hapa, akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Mwalimu, si ruksa?" Ikafika mahali mshipa ukikaribia kidonda watu wanasimama, ukifika wanashangilia goli. Na katikati yao, kwenye kiti chake, Mzee Ramadhani akiwaelezea: "Yule wa mbele ndiye kiongozi. Ameambiwa. Subirini, atafika tu." Na kweli alifika kila siku, kwa sababu mguu niliouandika mimi ulikuwa mguu mzima wenye mkwaruzo mdogo.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mzee alipata kidonda kwenye dole gumba la mguu. Akakificha ndani ya buti la reli. Tulipokuja kusikia harufu, mwanzoni tulidhani ni vitunguu vya kompyuta. Daktari akamvua buti. Vidole vyeusi, unyayo wa baridi. Akampima, akakuta kisukari cha muda mrefu na mshipa mkubwa wa pajani umeziba. Akamwambia wazi: mguu huu umekufa kuanzia chini, sumu inapanda, tukikata sasa utaishi, tukichelewa tutakuzika.

"Haukatwi," akasema mzee.

"Mzee wangu, kwa nini?"

Akanyoosha kidole kwenye kompyuta yangu. "Kwa sababu nimeona. Mishipa inaota. Jana imefika, juzi imefika. Wangu umechelewa tu, lakini kiongozi ameshaambiwa. Mimi nimekaa kituoni siku nzima nikisubiri treni, na ikaja. Mguu ndio utanishinda kusubiri?"

Mzee alikuwa anaelekea kufa kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza mimi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimekitengeneza vizuri. Daktari akanivuta pembeni. Akaniambia, "Mtoe huyu mzee kwenye kompyuta yako, la sivyo atafia humo."

Nikakaa chini nikaandika mguu wake. Nikaziba mshipa mkubwa pale pajani, nikaacha ishara itoke kama kawaida, maana nyama iliyo hai pembeni ya ile iliyokufa bado inatoa ishara. Nikamwita atazame. Kamba za kijani zikajaribu kuota, zikafika karibu kabisa, lakini rangi nyekundu ya hewa haikupanda hata kidogo. Mguu ukabaki mweusi kwenye kioo.

"Unaona, mzee?"

"Naona," akasema. "Umeme mdogo. Ngoja nikaongeze dizeli."

Akainuka na fimbo yake, akaburuza ule mguu mpaka kwenye jenereta. Nilimsikia akiitukana. Nikaanza kulia mbele ya wateja wa karanga.

Sijui wazo lilitoka wapi. Labda ni ualimu wangu wa zamani. Niliona kwamba mzee haamini mashine ikishindwa, anaiamini ikishinda tu, kwa hiyo lazima aone kwa watu. Siku ya mnada Ihanja inajaa. Nikaenda na filimbi, nikasimama katikati ya uwanja wa mpira, nikatangaza kwamba nahitaji seli.

Watu wetu wana moyo, lakini mtu akiitwa seli anataka maelezo. Nikaeleza. Goli la huku kuna pipa la maji: huo ndio moyo, na maji ndiyo damu. Goli la kule, Mzee Ramadhani kwenye kiti: yeye ndiye nyama inayokosa hewa, kazi yake ni kuita. Nyie wengine ni ukuta wa mshipa, mtashikana mabega, kila mmoja na kikombe chake cha kupitishia maji. Nikipuliza filimbi mara ya kwanza, sikilizeni tu. Nikipuliza mara ya pili, wote mnasogea pamoja. Anayesikia zaidi anatangulia, anawaambia wa pembeni wabaki nyuma yake. Rahisi kabisa, nikasema. Mungu anisamehe.

Kwanza nilihitaji mtu wa kuwa kizibo, wa kusimama kwenye pipa na kuzuia maji. Nikamchagua Juma, muuza nyama, kwa sababu ana kifua. Juma ameoa binti wa Mzee Ramadhani. Akaruka kama kakanyaga moto.

"Mimi nimnyime maji baba mkwe? Mbele ya mnada mzima? Mwalimu, unataka ninyang'anywe mke wangu?"

Nikajaribu mwingine, naye ni mpwa wa mzee. Mwingine alipona ugonjwa kwa pesa ya mzee. Uwanja mzima hakupatikana mtu wa kumziba Mzee Ramadhani. Mwishowe akajitokeza mfanyabiashara mmoja ambaye lori lake la alizeti lilikuwa limepasuka springi barabarani na hakuwa na la kufanya. "Nipeni mimi," akasema, "kwetu si huku." Akaenda akakaa juu ya mfuniko wa pipa, akakunja mikono. Sijawahi kuona mtu akiziba kwa moyo namna ile.

Nikapuliza. Mzee akaona aibu kidogo mwanzoni, akasema "hewa" taratibu kama anaomba chumvi. Nikamwambia aite kama anaita treni. Akaita. Ng'ombe wa mnadani wakageuza shingo.

Mshipa ukaanza kuota, na palepale ukapasuka. Naenda kutazama, nakuta pengo linalotosha ng'ombe kupita, na kweli mmoja alikuwa anapita. Upande mmoja wa pengo Juma amegeuza uso, upande wa pili Mama Zaina, mke wa mzee, amejifunika khanga mpaka machoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyempanga mkwe bega kwa bega na mama mkwe wake! Hawashikani wale, hata dunia iishe. Nikataka kuwahamisha, lakini kila nilipomsogeza mtu nilimweka karibu na mkwe mwingine, maana Ihanja nzima imeoana. Mwisho nikawapa fimbo ya kuchungia, huyu ashike ncha hii na yule ncha ile, kila mmoja akitazama kwake. Ukuta ukaziba.

Nikapuliza tena. Seli iliyosikia zaidi ilikuwa kijana mmoja fundi baiskeli. Alitakiwa kuwaambia wa pembeni yake wabaki. Akageuka, akakuta wa pembeni ni wazee. Akawaamkia kwanza. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, ng'ombe wameamkaje, mvua huko kwenu vipi. Akamaliza wa kulia akahamia wa kushoto. Ndipo akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Samahanini wazee wangu, naomba mbaki nyuma kidogo." Kwa mwendo ule nyama ingekuwa imeshaoza mara tatu. Nilichukia siku ile, lakini baadaye nilirudi kwenye programu nikaingiza ucheleweshaji wa ishara, na matokeo yakawa bora zaidi. Kwa hiyo ucheleweshaji msiudharau.

Hata hivyo walifika. Filimbi baada ya filimbi, shikamoo baada ya shikamoo, ule mstari ukajipinda uwanjani ukamfikia mzee, ukamzunguka pande zote. Watu wakashangilia goli. Mzee akatabasamu, akanitazama, akasema, "Nilikuambia nini?"

Kisha akanyoosha mkono kwa yule kijana fundi baiskeli, apewe maji yake.

Kijana akatazama kikombe. Hakikuwa na kitu. Akamgeukia wa nyuma yake, naye hana, na wa nyuma yake hana, mpaka kule kwenye pipa, na yule mtu wa alizeti bado amekunja mikono. Watu wakaanza kumpigia kelele. "Mtoeni huyo! Nani kamweka huyo?" Wengine wakaokota mawe. Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaniuma, nikapiga kelele, "Hatoki! Huyo ndiye ugonjwa wenyewe! Hatuna wa kumtoa!"

Mama Zaina akaachia fimbo, akaanza kuondoka. Nikamwuliza anakwenda wapi. Nyumbani, akasema, kuchota maji.

"Mama, seli haiendi nyumbani! Rudi kwenye nafasi yako."

Akafunua khanga usoni, akanitazama. "Mume wangu anaita, na wewe unanipulizia filimbi?"

Nikaishusha filimbi. Akasimama palepale, hakwenda wala hakurudi.

Mzee Ramadhani akamwomba kijana kile kikombe. Akakigeuza juu chini. Akaomba na cha wa pili, akakigeuza. Akawatazama wote waliomzunguka, mmoja mmoja, na kila mmoja aliyetazamwa aliinamisha kichwa kama vile ni yeye aliyekunywa yale maji.

"Wamefika," akasema.

"Wamefika, mzee," nikajibu.

"Na hawana kitu."

"Hawana."

Akamgeukia Daktari Mathayo, aliyekuwa amesimama nyuma ya goli muda wote huo. "Yule wa kwenye pipa. Kweli huna dawa ya kumwondoa?"

"Sina, mzee wangu. Ningekuwa nayo ningeshakupa."

"Na huu mguu, wakati wote huu, unafanya kama nilivyofanya mimi hapa? Unaita?"

"Unaita," daktari akasema. "Ile sehemu iliyo hai bado. Inaita mchana na usiku."

Mzee akaweka viganja vyote viwili juu ya goti lake, akalishika kama mtu anayemshika mtoto mwenye homa. Alipoongea, sauti ile ya reli haikuwepo tena.

"Mliniambia umekufa," akasema. "Nikaona kama umekufa basi umepumzika, haraka ya nini, tusubiri. Hakuna aliyeniambia unaita. Siku zote hizi unaita, na mimi nauambia subiri, wanakuja." Akafuta uso kwa kofia. "Kata, Mathayo. Kesho asubuhi. Usiuache uendelee kuita."

Alikatwa, na aliishi miaka mingi sana ya kunisumbua, kwa mguu wa mti uliochongwa na yule yule Juma. Nimeandika programu nyingi baada ya hapo. Nyingine zilikuwa nzuri, na zipo nyingine ninyi mmezirithi na mnazitumia bila kujua. Lakini nikikumbuka kazi yangu nakumbuka pale uwanjani, mzee ameshaamua, na watu wote wale bado wamesimama kwenye nafasi zao, mabega kwa mabega, wananitazama mimi, wanasubiri waambiwe mchezo umekwisha. Nikaweka filimbi mdomoni. Filimbi haipulizwi na mtu anayelia, jaribuni mtaona. Nikajaribu, nikajaribu tena, haikutoa hata mluzi, na hakuna seli hata moja iliyomwacha mzee.